Safura, selimundu na vidonge vya damu: maswali ya kliniki Pemba

"Mwanangu hana damu." Anayefanya kazi kliniki ya watoto huku Pemba huisikia kauli hiyo kabla hajakaa kitini. Mama ameshamfunua mtoto ukope kuonesha weupe, na aghalabu ameshajua anachokitaka: vidonge vyekundu, kisha arudi zake nyumbani. Maswali yafuatayo ndiyo yanayokuja pale anapovikosa vidonge hivyo.

Mtoto wangu ana selimundu, na kila tukenda hospitali tunaambiwa damu yake ndogo. Mbona hatumwandikii vidonge vya damu?

Kwa sababu vile vidonge si damu, mama. Ni madini ya chuma. Mwili huyatumia kutengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mara nyingi chuma anacho cha kumtosha. Shida yake ni chembe za damu kuvunjika kabla ya wakati. Chembe nyekundu ya mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi. Yake hujipinda ikawa na umbo la mundu, na baada ya siku 10 mpaka 20 imekwisha. Ndiyo maana macho yake hugeuka manjano, wala si lazima iwe nyongo wala jicho la mtu.

Chuma cha chembe zilizovunjika hakipotei, hubaki mwilini kikatumika tena. Na kama ameshaongezwa damu mara kadhaa, kila chupa imemletea chuma kingine, na kikizidi hujikusanya kwenye ini na moyo. Ngalawa inavuja, nawe unaizidishia shehena! Anachohitaji kila siku ni asidi ya foliki, kile kidonge kidogo cha manjano, kwa sababu mwili wake unatengeneza chembe mpya mbio mbio. Chuma atapewa kipimo kikionesha kweli amepungukiwa nacho. Kumtazama ukope hakutoshi.

Mwanangu, mbona zamani walitupitishia dawa za chuma majumbani, wakawapa wajukuu wetu wote?

Bibi, wewe una kumbukumbu, na hilo ni jambo ambalo sisi Wapemba hatulisimulii vya kutosha. Ulikuwa utafiti, mwaka 2002 na 2003. Wakati ule ushauri wa dunia ulikuwa kwamba penye upungufu mwingi wa damu, watoto wadogo wote wapewe chuma na asidi ya foliki, bila ya kupimwa mmoja mmoja. Ilionekana ni jambo la kheri lisilo na madhara. Hapa Pemba wakaingizwa watoto zaidi ya 24,000 wa kuanzia mwezi mmoja hadi karibu miaka mitatu. Wengine walipewa chuma na foliki, wengine wakaongezwa zinki juu yake, na wengine walipewa kidonge kitupu kisicho na dawa, ili ijulikane tofauti.

Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa kabla ya muda wake. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wale wa kidonge kitupu. Malaria wakati huo ilikuwa bado imetawala kisiwa, na vijidudu vya maradhi navyo hukitaka chuma kama tunavyokitaka sisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: penye malaria nyingi, mtoto asipewe chuma kiholela.

Lakini usiishie hapo, bibi, maana watu wengi huishia hapo. Ndani ya utafiti huo huo palikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, wakiugua malaria wanatibiwa mapema. Humo, wale waliokuwa wamepungukiwa na chuma kweli walifaidika nacho. Sumu haikuwa ile dawa. Kosa lilikuwa kuwapa wote sawasawa, wenye haja na wasio na haja.

Basi na mie mjamzito niviache?

La hasha. Mimba hula chuma kingi, na vidonge vya kliniki vimewekwa kwa ajili yako. Kunywa. Vikikuchafua tumbo, kunywa baada ya chakula cha usiku, na usiviteremshie kwa chai, kwani chai huzuia chuma kisinyonywe. Kama wewe mwenyewe una selimundu, sema mapema ili upangiwe dawa zako mbali.

Na dawa ya minyoo usiikimbie. Wazee wetu walikuwa na neno "safura" kwa mtu mweupe wa kiganja, mchovu, anayetamani udongo. Safura ni minyoo inayong'ang'ania utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo. Huingia kupitia ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo wenye choo. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Pemba miaka ya 1990 ulionesha kuwa minyoo hiyo ilikuwa sababu kubwa ya watoto wa skuli kukosa chuma. Mtoto wa namna hii ndiye anayefaidika na vidonge vyekundu, lakini pamoja na dawa ya minyoo, viatu na choo.

Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Sote wazima. Selimundu imetoka wapi?

Kwenu nyote wawili. Kila mtu hurithi maelekezo mawili ya kutengeneza hemoglobini, moja la baba na moja la mama. Mwenye moja zima na moja lenye hitilafu haumwi, anaitwa mbebaji, na anaweza kuzeeka bila ya kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Usihesabu kwamba wa kwanza ameshaumwa basi watatu wanaofuata wamesalimika.

Ndugu wakioana, uwezekano wa wote wawili kubeba kitu kimoja kutoka kwa babu mmoja ni mkubwa zaidi. Sisemi watu wasioane na binamu zao, hiyo si kazi yangu. Nasema wapime kabla ya posa, na wapime kile kipimo kinachotenganisha mbebaji na mgonjwa.

Nimesikia wenye selimundu hawaugui malaria.

Hapa panachanganywa watu wawili. Anayekingwa ni mbebaji. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba wabebaji wapo wengi pale penye malaria nyingi, pwani na kandoni mwa Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Mbebaji ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ingawa homa ya kawaida anaweza kuipata. Ndiyo sababu hitilafu hii haikufutika vizazi vyote hivi.

Mgonjwa mwenyewe hana bahati hiyo. Malaria ikimpata, damu yake iliyokuwa ndogo hushuka kwa kishindo. Tangu dawa mseto zilipoingia Zanzibar mwaka 2003, kisha vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani mwaka 2006, malaria imepungua sana visiwani, lakini bado inarudi na wasafiri. Alale ndani ya chandarua, na hasa akenda bara.

Akipata homa nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Wengu wake, bandama kama wengine wasemavyo, huharibika mapema, na ndiyo unaokamata vijidudu vya nimonia kwenye damu. Nenda usiku huo huo. Penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano usiikatize.

Kuna dawa ya kuponya?

Zipo tiba za kurekebisha vinasaba, Uingereza na Marekani waliziidhinisha mwaka 2023, kwa bei ya zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Tuziache huko kwanza. Iliyo karibu nasi ni hidroksiurea, kidonge cha kila siku kinachoamsha hemoglobini ile ya mtoto akiwa tumboni mwa mama, isiyozipinda chembe. Utafiti wa nchi nne za Afrika, Kilifi ya jirani zetu ikiwemo, ulionesha mwaka 2019 kuwa watoto wanaoitumia hupungukiwa na maumivu, kuongezwa damu, hata malaria na vifo. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue dukani ukampa mwenyewe.

Ana miaka kumi na mbili, anataka kufunga Ramadhani na wenzake.

Kukosa maji ndiko kunakozifanya chembe zijipinde, na jua la huku tunalijua. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na mashekhe wetu hulisema hilo bila ya kusita. Tatizo ni mtoto mwenyewe, anaona haya mbele ya wenzake. Mweke karibu na jiko wakati wa futari, akoroge uji, apange tende, apeleke sahani kwa jirani. Maji yake anywe ndani, mchana, bila ya mtu kumsimamia.