Kwa nini kamari inahesabiwa uraibu, lakini simu bado?

Watafiti kadhaa wa Uingereza walichukua dodoso la kupima "uraibu wa mitandao ya kijamii", wakaondoa neno mitandao na kuweka marafiki wa ana kwa ana. Je, huwa unawawaza marafiki zako hata wasipokuwepo? Huwa unawafuata ili usahau shida zako? Unakosa raha usipowaona? Watu 807 walijibu. Kwa vigezo vilevile, asilimia 69 walionekana kuwa waraibu wa marafiki zao.

Hakuna aliyedhani urafiki ni ugonjwa. Walitaka kuonyesha kasoro ya kipimo chenyewe: vigezo vilivyotungwa kwa ajili ya heroini na pombe vikipachikwa kwenye jambo lolote mtu alipendalo, karibu kila mtu atatoka mgonjwa. Watafiti wa Ufaransa walivitumia hata kwa wacheza dansi ya tango, na waraibu wakapatikana.

Sasa kwa nini kamari imepita mchujo huo? Haikupita kwa urahisi. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliitambua kuwa ugonjwa, lakini kiliiweka pamoja na wizi usiozuilika na tamaa ya kuchoma vitu moto. Ilichukua mpaka mwaka 2013, katika mwongozo wa chama hicho wa kutambua magonjwa ya akili, uitwao DSM-5, kuihamishia kwenye sura moja na pombe na dawa za kulevya.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote ulitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutafuta, kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mwili. Baadhi yao hupewa dawa zinazoiga dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika kutamani na kutarajia malipo. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliripoti wagonjwa 11 waliozama kwenye kamari wakiwa kwenye matibabu hayo. Dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa, wale walioendelea kufuatiliwa waliiacha kamari. Baada ya kusoma habari hiyo, ni vigumu kuendelea kusema kwamba mcheza kamari ni mtu aliyekosa malezi tu.

DSM-5 ina dalili tisa za ugonjwa wa kamari, na mtu akiwa na nne au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabiwa mgonjwa. Kijana anayebeti Dar es Salaam atazijua kadhaa bila kufundishwa: kupandisha dau ili msisimko urudi uleule, kurudi kesho yake kufukuzia hela iliyoliwa mkeka ulipochanika, kuwadanganya watu wa nyumbani, kutegemea wengine wamtoe kwenye madeni. Angalia kwamba fedha alizonazo mtu hazimo kwenye orodha. Tajiri anaweza kuwa mgonjwa, na maskini anayeweka buku kila Jumamosi akaridhika asiwe mgonjwa hata kidogo.

Kwenye gemu za simu na kompyuta ndipo ugomvi ulipowaka. DSM-5 iliziacha kwenye kundi la mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbele: mwongozo wake wa kuorodhesha magonjwa, uitwao ICD-11, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, unautaja ugonjwa wa gemu waziwazi. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu ziwe zimetangulia mambo mengine ya maisha, na aendelee kucheza ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Idadi ya saa haikutajwa, na ni sawa kabisa.

Wataalamu waliopinga walisema mtoto anayejifungia na gemu huenda ana sonona au anakimbia mateso ya shule, na ukitibu gemu utakuwa umeliacha donda lenyewe. Waliounga mkono walijibu kwamba ugonjwa usio na jina hauna kliniki, hauna bima na hauna daktari aliyeusomea. Naona wote wana hoja, lakini hofu ya wapinzani ina historia ya kutisha. Nchini China wazazi walipeleka watoto kwenye kambi za kutibu "uraibu wa intaneti" kabla wataalamu hawajakubaliana ni kitu gani. Baadhi walipigwa, wengine walitiwa shoti za umeme, hadi Wizara ya Afya ilipopiga marufuku matibabu hayo ya umeme mwaka 2009.

Simu kwa ujumla haimo katika mwongozo wowote kati ya hiyo miwili, kwa sababu simu si tabia moja. Mtu akiishika usiku kucha, daktari anatakiwa aulize anafanya nini ndani yake. Akijibu kwamba anabeti, jina la ugonjwa lipo tayari.

ICD-11 imeweka pia kundi ambalo halisemwi sana: kamari hatarishi na gemu hatarishi. Humo huingia mtu ambaye hajawa mgonjwa lakini anavyocheza kunamweka karibu na madhara, kwa fedha anazoweka, muda anaotumia au majukumu anayoyaacha. Huyu hahitaji kuitwa mraibu. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumuuliza hela ya kodi ya nyumba imekwenda wapi, wakati bado anaweza kuacha mwenyewe.