Maktaba kwenye bando la mia tano

"Shikamoo mama. Niko Nachingwea. Ile makala uliyotutumia inaniambia sina ruhusa ya kuifungua, na bando lenyewe linaisha."

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu saa sita na robo usiku, mwanzoni mwa Aprili 2020. Aliyeuandika ni kijana wa mwaka wa tatu aliyekuwa akikamilisha utafiti wake kuhusu kilimo cha ufuta. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa tarehe 16 Machi. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa hapo jirani na Nachingwea, akatangaza shule zifungwe, na tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Ndani ya siku mbili wanafunzi wetu walikuwa wameshapanda mabasi kwenda Masasi, Newala, Liwale, Songea, Dar es Salaam. Sisi wakutubi tukabaki Mtwara na jengo lililojaa vitabu, na wasomaji wote wako mbali.

Ninaandika kuhusu miezi ile kwa sababu wakutubi wenzangu wa vyuo vidogo bado wananiuliza tulifanyaje, na kwa sababu naamini mambo mengi tuliyojifunza tumeyaacha mapema mno. Nianze na yule kijana, maana ujumbe wake ulibeba matatizo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni ruhusa. Chuo kinapojiunga na hifadhidata ya majarida, mchapishaji hamjui mwanafunzi kwa jina wala kwa sura. Anachokijua ni anwani ya IP ya mtandao wa chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao huo kwenye intaneti. Ukiwa ndani ya uzio, ombi lako linatoka na anwani hiyo, mlango unafunguka wenyewe. Ukishatoka getini na kutumia laini yako ya simu, huko upande wa pili wewe ni mpita njia tu, hata kama una kitambulisho mfukoni na ada umelipa yote. Wanafunzi wetu hawakuwahi kujua kwamba kuna mlango, kwa sababu siku zote waliukuta wazi. Wengi waliamini majarida yale ni ya bure kwa kila mtu.

Dawa yake ni seva ya proksi. Mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno la siri, seva inamtambua, kisha inamwombea makala kwa mchapishaji kana kwamba ameketi chuoni. Haihitaji mitambo mikubwa, ila inahitaji orodha safi ya wanafunzi waliosajiliwa, na hapo ndipo tulipokwama, kwa kuwa orodha ya usajili na orodha ya wasomaji wa maktaba zilikuwa hazisomani. Wiki tatu za kwanza tulizimaliza tukilinganisha majina, mstari kwa mstari. Mtu mmoja kaandikwa kwa majina mawili huku, matatu kule, na namba ya usajili imekosewa tarakimu moja.

Wakati proksi inajengwa, tuliegemea Research4Life, mpango wa kimataifa wa majarida ya kitaaluma. Vyuo vya Tanzania huipata bila malipo, na ndani yake kuna AGORA kwa upande wa kilimo na Hinari kwa upande wa afya. Wachapishaji kadhaa, pamoja na maktaba ya mtandaoni ya JSTOR, nao waliongeza kwa muda vitu vya kusoma bure. Kwa kijana wa ufuta AGORA ilitosha kabisa. Nilimpigia simu usiku uleule, nikamwelekeza hatua kwa hatua. Simu ilikatika mara mbili. Ilipofika saa saba kasoro, akafungua makala.

Ikaja megabaiti 11. Bando likaisha katikati.

Hilo ndilo tatizo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Proksi ukishaijenga, imejengwa. Uzito wa faili unarudi kila siku, kwa kila mwanafunzi, kwa kila sura. Mpaka leo nasikia watu wa fani yetu wakihesabu huduma za mbali kwa idadi ya hifadhidata walizonunua. Mimi nauliza swali jingine: aliyeko kijijini Liwale na bando la mia tano anapata kurasa ngapi?

Ngoja nilieleze jambo la kuskani kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, ni megabaiti 26 hivi kabla haujabanwa. Ukurasa huohuo ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila vivuli vya kijivu, ni kama megabaiti moja, na ukibanwa vizuri unashuka hadi kilobaiti hamsini, sabini, themanini kutegemea wingi wa maandishi. Mwenzetu mmoja alikuwa akipiga picha kurasa kwa simu na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Alifanya kwa moyo, lakini zile picha zikiwa kwenye ubora wake halisi ni megabaiti tatu nne kila moja, na WhatsApp ikizibana, herufi ndogo za tanbihi hazisomeki. Sura ya kurasa thelathini inakula megabaiti mia moja au inafika imefifia.

Kwa hiyo tuliweka utaratibu. Maandishi matupu: nyeusi na nyeupe, nukta 300. Ukurasa wenye ramani au picha: kijivu, huo ukurasa tu, si sura nzima. Kitabu kinafunguliwa taratibu na kuwekewa uzito pembeni ili maneno ya karibu na mshono yasipinde. Kisha faili inapitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi, ili msomaji aweze kutafuta neno badala ya kufunua ukurasa mmoja mmoja kwenye kioo kidogo cha simu. Mwisho tunaipa faili jina linaloeleweka: somo, mwandishi, sura, kurasa. Mwanafunzi mwenye faili ishirini zilizoandikwa "skani1", "skani2" hulazimika kuzifungua zote ili apate moja. Na tuliskani sura, hatukuskani kitabu kizima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na mkutubi ndiye wa kwanza kuiheshimu.

Baada ya hapo kila ujumbe wetu ulibeba uzito wa faili kabla ya kiungo. "Sura ya 4, kurasa 26, MB 1.8." Mtu anajua anachokinunua kabla hajabonyeza. Sioni sababu ya maktaba yoyote kutofanya hivyo.

Kuhusu kufanya kazi nyumbani sina mengi. Tulikuwa watumishi saba, wawili wakiingia jengoni kwa zamu kuskani na kukagua, watano wakiwa nyumbani. Mworodheshaji wetu alifaidi kuliko wote, kwa sababu katalogi yetu iko kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, na inafunguka kwa kivinjari tu, popote. Alikaa barazani kwake akisahihisha majina ya waandishi: mwandishi mmoja wa Kiswahili alikuwa na rekodi nne, moja ikianza na jina lake, moja na la baba, moja ina "bin", moja imekosewa herufi. Msomaji aliyetafuta kwa jina moja alikosa vitabu vilivyoorodheshwa kwa majina mengine matatu. Kazi hiyo ilikuwa ikiahirishwa tangu nilipoajiriwa.

Wengine walipata tabu. Ukionekana nyumbani mchana, huonekani kazini. "Si upo tu, hebu nenda sokoni mara moja." Mwenzangu mmoja anaishi Magomeni ya hapa Mtwara na watoto wanne waliofungiwa shule, na sebule ndiyo ofisi. Tulichosaidiana ni kugawana saa. Awali tulishikilia saa za kiofisi, saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu, na tukawa tunasubiri maswali yasiyokuja. Yalikuwa yanakuja usiku, wakati wa bando la usiku, na baada ya watu kutoka shambani. Tukabadili: mmoja wetu, na si wote, anashika simu ya maktaba kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, na kesho yake asubuhi anapumzika. Simu iwe ya maktaba. Namba yako binafsi ukishaitoa, huna tena usiku wala Jumapili.

Jengo nalo lilitudai. Hili sikulitarajia, na ningependa kila mkutubi wa pwani alizingatie. Mvua za kusini zilikuwa bado hazijakata. Mwanzoni, kabla ya zamu za jengoni kuanza, tulifunga madirisha kuzuia vumbi, tukazima viyoyozi, tukaondoka. Siku ya tisa nilipoingia, harufu ilinipokea mlangoni. Kwenye rafu za ukutani, upande usiopata jua, migongo ya vitabu ilikuwa imepakwa kitu cheupe, laini, mithili ya unga wa muhogo. Nilipokigusa kwa kidole kiliacha alama ya kijani kwenye jalada. Ukungu. Unyevu hewani ukipita asilimia 65 hivi na hewa ikatuama, unaota kwa siku chache tu, na Mtwara kipindi kile unyevu unapita hapo kwa urahisi.

Usifute kwa kitambaa chenye maji, unaulisha. Usianike kwenye jua kali, gundi inakatika na jalada linapinda. Tulivitoa vitabu vilivyoathirika, tukavitenga, tukavisimamisha vikiwa vimefunuliwa kivulini penye upepo hadi vikakauka, kisha tukavipangusa nje kwa brashi laini, barakoa usoni. Vilikuwa zaidi ya mia mbili. Tangu siku hiyo anayeingia zamu hufungua madirisha ya pande zote mbili saa za jua, hufungulia feni, husogeza vitabu viachane na ukuta, na hupitisha kidole kwenye migongo. Ofisi inaweza kuhamia nyumbani. Karatasi inabaki pale ilipo na inaendelea kuvuta unyevu.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Vitabu vilivyorudishwa tuliviweka kwenye maboksi kwa siku tatu kabla ya kuvipanga. Faini zote za kipindi kile tulizifuta, na nina hakika tulifanya sawa.

Mei 2024 ndiyo iliyonirudisha kwenye haya yote. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na SEACOM ikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Safari hii wanafunzi walikuwepo, majarida ndiyo yaliyokuwa mbali. Kilichotuokoa ni zile sura za mwaka 2020. Tulikuwa tumeziweka kwenye seva ndogo ndani ya maktaba, inayofunguka kwa Wi-Fi ya ndani bila kuhitaji intaneti ya nje. Siku zile watu walikaa hadi kwenye ngazi za nje, simu mkononi, wakisoma.

Zamu ya leo jioni ni yangu. Simu ya maktaba iko hapa mezani, na ujumbe wa kwanza umeshaingia kutoka Liwale: anaulizia sura ya tatu, kurasa 41 hadi 68, na anaomba isizidi megabaiti mbili.