Taswira ya nafsi: mwanasesere humwambia nini mtoto wa kike?

Taswira ya nafsi ni picha ambayo mtu anayo kichwani kuhusu yeye mwenyewe: sura na mwili wake, analoliweza na asiloliweza, na thamani anayojipa. Hakuna anayezaliwa nayo. Mtoto huichora kidogo kidogo kwa kusikia anavyosifiwa na kukemewa, na kwa kujilinganisha na chochote chenye umbo la mtu. Ndiyo maana mwanasesere, au mdoli kama wengi tunavyomwita, si kitu kidogo.

Mwanasesere aliyezoeleka alikuwa kichanga. Msichana alimbeba, akambembeleza, akajifanya mama. Mwaka 1959 kampuni ya Mattel ya Marekani ikamtoa Barbie: mwanamke mzima mwenye kifua, kiuno chembamba kupita kiasi, na nyayo zilizopinda tayari kwa viatu virefu. Mbunifu wake, Ruth Handler, alitaka wasichana waweze kuigiza maisha yao ya ukubwani, na sioni ubaya wa nia hiyo. Ila ukimpa mtoto mfano wa atakavyokuwa kesho, umempa pia kipimo cha kujipimia leo. Mwaka 1965 alitoka Barbie wa kulala kwa rafiki, naye alikuja na mizani iliyosimama kwenye pauni 110, yaani kama kilo 50, pamoja na kijitabu cha kupunguza uzito. Nyuma ya kijitabu paliandikwa agizo moja: usile. Kichezeo cha mtoto, hicho.

Athari hizi zimepimwa. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006, wasichana wa miaka 5 hadi 8 walionyeshwa picha za Barbie, za mwanasesere mnene zaidi, au picha zisizo na mwanasesere. Wale wadogo waliomwona Barbie ndio walioridhika kidogo zaidi na miili yao na kutamani zaidi kuwa wembamba. Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 2014, ulinivutia zaidi. Wasichana wa miaka 4 hadi 7 walicheza kwa dakika 5 tu, wengine na Barbie, wengine na Mrs. Potato Head, ambaye ni kiazi cha plastiki kinachobandikwa macho, mdomo na mkoba. Kisha wakaulizwa ni kazi zipi wangeweza kuzifanya wakikua, na zipi mvulana angeziweza. Waliocheza na Barbie walijihesabia kazi chache kuliko walizomhesabia mvulana, hata pale Barbie alipovalishwa koti la daktari. Kwa waliocheza na kiazi, pengo hilo lilikuwa dogo. Ni vipimo vya muda mfupi, havisemi mtoto atakuwaje akiwa na miaka 20, lakini koti la daktari halikutosha kuufunika ule mwili.

Kuhusu maadili ambayo kichezeo humfundisha mtoto, mimi huangalia vitenzi. Mwanasesere wa mitindo anaomba nini? Kuvuliwa, kuvalishwa, kuchanwa nywele, kutazamwa. Mchezo unakwisha anapopendeza. Matofali ya plastiki ya kuchezea yanaomba kupangwa, yanaporomoka, yanapangwa upya, na aliyeyapanga hakuna anayemuuliza amevaa nini. Kupenda kupendeza si kosa. Shida inakuja pale ambapo kila kitu anachopewa msichana, tena chote cha rangi ya waridi, kinarudia vitenzi vilevile.

Watengenezaji nao wamebadilika: mwaka 2016 Mattel iliongeza Barbie mrefu, mfupi na mwenye nyonga pana. Na watoto wenyewe si watiifu kama tunavyowadhania. Wapo wanaomnyoa mwanasesere wao upara, wakamchora masharubu kwa kalamu ya wino, kisha wakamtuma akapigane na mamba wa plastiki.