Je, wajua jinsi wachezaji wa Championship Manager 01/02 walivyopewa alama zao?

Championship Manager ni mchezo wa kompyuta ambamo mtu huwa kocha wa klabu ya soka. Katika toleo lake la 01/02 lililotoka Oktoba 2001, kocha wa klabu yoyote angeweza kuvuka hadi Ureno, kwenye klabu ndogo ya Gouveia, na kumsajili kwa fedha kidogo mshambuliaji aliyeitwa Tó Madeira. Karibu kila sifa yake ilikuwa imefika kileleni au kukikaribia, na magoli yake yalihesabiwa kwa makumi kila msimu, awe amehamia Uingereza, Italia au Hispania. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuwahi kuwepo. Aliingizwa humo na mtu aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kukusanya taarifa za klabu hiyo, na marekebisho ya programu yaliyotolewa baadaye yakamfuta bila kelele.

Kisa hiki huwachekesha waliokuwa wakicheza enzi hizo, lakini ndani yake mna jibu la swali ambalo wengi wetu hatukujiuliza tulipokuwa tukizitazama namba zile usiku kucha: nani aliamua kwamba kiungo fulani ana 17 kati ya 20 katika pasi na 9 katika kukaba? Hapakuwa na mashine iliyopima. Palikuwa na mtu, mara nyingi shabiki wa klabu yenyewe, aliyekaa akaandika anachokiamini.

Mwanzoni hata haja hiyo haikuwepo. Ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, walipotoa mchezo wa kwanza mwaka 1992 kupitia kampuni ya Domark, majina ya wachezaji yalikuwa ya kubuni, kwa hiyo kompyuta ingeweza kugawa alama itakavyo na asitokee wa kulalamika. Mambo yalibadilika toleo lililofuata lilipoingiza majina halisi. Mara tu beki wa kushoto wa daraja la tatu anapokuwa na jina lake, umri wake na klabu yake, msomaji anayemfahamu atauliza kwa nini amepewa 6 na si 11, na ni lazima awepo mtu wa kulijibu swali hilo. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtandao wa watafiti wa kujitolea, kila mmoja na klabu yake au nchi yake, ambao kwa miaka iliyofuata ulipanuka hadi kuvuka watu elfu moja.

Watafiti hao walitumia kipimo cha 1 hadi 20. Mtu anaweza kudhani kwamba 1 hadi 100 kingekuwa sahihi zaidi, lakini nadhani waundaji walichagua vyema. Mtu aliyemtazama winga kwa misimu miwili anaweza kutetea kwa hoja kwamba krosi zake ni za 14 wala si za 16. Akiambiwa achague kati ya 71 na 73, atakuwa anabahatisha tu. Kipimo kikiwa kipana kuliko jicho la mpimaji, namba hupata sura ya usahihi ambao haumo.

Ugumu ulikuwa katika kuwalinganisha watu ambao hawajawahi kutazamwa na mpimaji mmoja. Shabiki wa klabu ya daraja la nne huona mshambuliaji wake akiwaacha mabeki kila Jumamosi na kushawishika kumpa 18 katika chenga, ilhali mabeki anaowaacha wasingepata hata nafasi ya benchi katika ligi kuu. Bila kizuizi, kila mtafiti angekuwa na Tó Madeira wake, kwa nia njema kabisa. Kizuizi hicho kilikuwepo, nacho kilifichwa mahali ambapo mchezaji wa kawaida wa mchezo huo hakupaona.

Nyuma ya sifa zinazoonekana, kila mchezaji alikuwa na namba mbili za siri, kikomo cha kila moja kikiwa 200. Ya kwanza ni uwezo wa sasa, yaani jumla ya kile anachoweza kufanya leo. Ya pili ni uwezo wa juu anaoweza kuufikia maishani mwake, ambao hauvukiki hata akifundishwa na kocha bora na kupangwa kila wiki. Namba ya kwanza hufanya kazi kama fungu la matumizi. Katika toleo hilo la 2001, sifa nyingi za ufundi na za kusoma mchezo, kama vile umaliziaji, pasi, kukaba na kujipanga, hazikusimama peke yake. Mtafiti alionyesha ni zipi mchezaji amezidi na ni zipi amepungukiwa, kisha programu ikazikokotoa kwa kuzingatia uwezo wa sasa aliopewa. Kwa hiyo mshambuliaji wa daraja la nne angeweza kusifiwa kwa chenga kuliko sifa zake nyingine zote, lakini fungu lake dogo lilimrudisha mahali pake alipokutana na beki wa kimataifa.

Sifa za mwili zilikwenda kwa njia tofauti. Kasi, nguvu, stamina na uwezo wa kuruka ziliandikwa kama zilivyo, bila kuegemea fungu hilo, jambo ambalo lina mantiki, kwa kuwa mwanariadha hodari hubaki na mbio zake hata kama hajui kutuliza mpira. Palepale ndipo penye mwanya uliowafurahisha waliokuwa wakitafuta usajili wa bei nafuu: kijana wa klabu isiyojulikana, mwenye mbio za hali ya juu na uwezo wa sasa wa wastani, aliuzwa kwa thamani ya wastani wake huku uwanjani akiwasumbua mabeki kwa mbio zake. Matoleo ya baadaye yaliuziba mwanya huo kwa kuiingiza kasi ndani ya fungu na kuipa uzito mkubwa. Yakaongeza pia hesabu ya nafasi anayocheza mtu, ili kipa asitozwe chochote cha maana kwa kujua kufunga, wakati mshambuliaji hutozwa bei kali kwa sifa hiyohiyo. Hata uwezo wa kutumia miguu yote miwili ulianza kugharamiwa, ndiyo maana wachezaji wawili wenye uwezo wa sasa ulio sawa wanaweza kutazamwa kando kwa kando na mmoja akaonekana dhaifu, kumbe sehemu ya fungu lake imekwenda kwenye mguu wa pili.

Namba ya pili, ya uwezo wa juu, ndiyo iliyowapa vijana mvuto wao. Mtafiti hulazimika kutabiri mwisho wa mtu wa miaka 16, na watabiri wa kweli wa mambo hayo ni wachache, hata miongoni mwa makocha wanaolipwa kwa kazi hiyo. Waundaji walilijua hilo, wakaruhusu badala ya namba kamili iandikwe -1 au -2, alama iliyoielekeza programu ichague yenyewe, ndani ya masafa fulani, kila mchezo mpya unapoanzishwa. Masafa ya -2 yalikuwa ya juu kuliko ya -1. Watu wawili wangeweza basi kumsajili kijana yuleyule siku ileile, mmoja akavuna nyota wa dunia na mwingine akabaki na mchezaji wa akiba, kisha wakabishana kwa saa nzima kuhusu ubora wa mazoezi yao, bila kujua kwamba kura ilikwisha kupigwa kabla ya mechi ya kwanza.

Zaidi ya hizo, zilikuwepo sifa zisizoonyeshwa kabisa katika ukurasa wa mchezaji: uthabiti wa kiwango kutoka mechi hadi mechi, jinsi anavyojituma katika mechi kubwa, wepesi wa kuumia, tabia ya kucheza rafu, na mengineyo yanayohusu nafsi, kama weledi, tamaa ya kupanda na uaminifu kwa klabu. Mtu mwenye 19 katika umaliziaji lakini mwenye uthabiti mdogo alicheza kwa ubora huo siku chache tu, na siku nyingine alionekana kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Toleo hilo la 2001 lilileta pia chaguo la kuzifunika sifa za wachezaji ambao kocha asingetarajiwa kuwajua, ili alazimike kutuma skauti kwanza. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko lililousogeza mchezo karibu na hali halisi kuliko yote, ingawa wengi walilizima kwa sababu lilipunguza raha ya kuperuzi dunia nzima kwa dakika kumi.

Ikumbukwe kwamba wakati huo mechi yenyewe haikuonekana. Vitone vinavyokimbia juu ya uwanja wa kijani vilikuja na Championship Manager 4 mwaka 2003. Kabla ya hapo kulikuwa na sentensi fupi za mtangazaji zilizopita chini ya skrini, na nyuma yake hesabu za nafasi. Namba 20 haikumaanisha kwamba jambo lazima litokee. Ilimaanisha kwamba, mshambuliaji anapobaki na kipa peke yao, sifa zake hupambanishwa na za kipa, bahati ikatiwa kidogo katikati, na matokeo yakasomwa. Ndiyo sababu mtu mwenye alama za juu angeweza kukosa magoli matatu ya wazi, na yule aliyekuwa akisoma sentensi zile akaamini kwa dhati kwamba kompyuta inamchukia.

Utabiri ulipokosea, ulikosea hadharani. Tonton Zola Moukoko, aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Sweden, alikuwa kiungo wa ndoto katika mchezo huo, akiwa katika timu ya vijana ya Derby County. Kwa kweli hakuwahi kucheza mechi hata moja ya kikosi cha kwanza cha klabu hiyo. Cherno Samba, kijana mzaliwa wa Gambia aliyekuwa Millwall, alifunga magoli yasiyohesabika kwenye skrini za watu, lakini aliondoka Millwall kabla ya kupewa nafasi katika kikosi cha kwanza, ingawa baadaye aliichezea timu ya taifa ya Gambia. Wa tatu ni Maxim Tsigalko wa Belarus, ambaye huenda ndiye mfungaji aliyeogopwa kuliko wote waliokuwepo kweli. Aliwahi kuvaa jezi ya taifa lake, majeraha yakamlazimu kustaafu akiwa na miaka 26, na alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 37.

Si haki kuwacheka watafiti kwa majina hayo. Vijana wale walikuwa na vipaji ambavyo hata klabu zao ziliviona. Kilichokosekana katika ukurasa wao hakiandikiki kwa 1 hadi 20, kwa maana hakuna mtafiti awezaye kujua mwaka 2001 ni goti lipi litaharibika mwaka 2006 au ni kocha yupi ataondoka katikati ya msimu. Tena makosa hayo machache ndiyo yanayokumbukwa, wakati maelfu ya makadirio yaliyokuwa sahihi hayana anayeyasimulia. Klabu zenyewe ziliyathamini. Waundaji walikuwa wamekwisha kutengana na mchapishaji wao, Eidos, aliyebaki na jina la zamani, wakaanza kutoa kazi yao kwa jina la Football Manager kuanzia mwaka 2004. Mwaka 2008 Everton ilikubaliana nao kuitumia kanzidata yao katika kusaka wachezaji, na mwaka 2014 kampuni ya takwimu ya Prozone nayo ikaiunganisha na programu ambayo klabu za kulipwa zilikuwa zikitumia katika usajili. Maoni ya shabiki aliyekaa jukwaani kwenye mvua yalikuwa yamefika mezani kwa mkurugenzi wa michezo.

Toleo la 2001 lenyewe bado linachezwa. Lilikwisha kuruhusiwa kupakuliwa bure, na wapo wanaoliingizia kila msimu vikosi vya sasa, wakibadilisha majina na klabu ndani ya programu ambayo haikujua kwamba wachezaji hawa watazaliwa. Anayeifanya kazi hiyo hukutana na tatizo lilelile la watafiti wa kwanza, tena kabla ya kuandika jina la pili: inabidi aamue mchezaji bora wa leo apewe ngapi kati ya 200, kwa sababu wengine wote watapimwa kutokea hapo.