Kodi ya Zanzibar haimtoshi Mmarekani anayemdhamini mkewe

"Mume wangu Mmarekani, lakini kaishi Paje miaka yote na kodi kalipa hapahapa, kwa hiyo kwao hawamdai karatasi." Maneno haya husikika sana Unguja mume anapomdhamini mkewe ahamie Marekani, na si kweli. Raia wa Marekani hutakiwa kutangaza mapato yake kwa IRS, mamlaka ya kodi ya kwao, popote aishipo. Mara nyingi msamaha wa mapato ya ng'ambo humwacha bila deni, ila msamaha wenyewe huombwa ndani ya ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato ya mwaka!

Fomu I-864 ya udhamini inataka ritani ya mwaka wa karibuni, au muhtasari wake, ambao IRS huutoa bure (wa kukutoza hawakosekani). Ambaye hajawasilisha, awasilishe kwanza. Barua ya maelezo ni ya yule ambaye sheria haikumlazimu kuwasilisha, kwa mfano kwa uchache wa mapato.