Video za Mtandaoni: Pesa Inatoka Wapi?

Kijana mmoja wa Mpunguzi, anayerekodi namna ya kupogoa mizabibu, aliniuliza: "Kaka, hivi mtandao unanunua video yangu kwa shilingi ngapi?" Wengi hapa Dodoma huuliza hivyohivyo, na swali lenyewe ndilo linalowapoteza. Mtandao wa video haununui video. Unauza muda wa yule anayeitazama, na mnunuzi ni mwenye tangazo.

Bei hupatikana kwa mnada. Aliyewahi kupeleka mbuzi Msalato siku ya mnada anajua: mbuzi hana bei ya kudumu, ana bei ya wanunuzi waliofika siku hiyo. Ukigusa video, kompyuta huendesha mnada kabla picha haijaanza kucheza. Kampuni hushindania kuonekana mbele yako, zikipima uko nchi gani, unatazama nini, na ni msimu gani. Ndiyo maana video mbili zilizotazamwa sawasawa huingiza pesa tofauti. Mtazamaji wa Marekani hugombewa na kampuni nyingi zenye fedha; wa Kongwa hugombewa na chache. Linaniuma, maana jasho la kurekodi ni lilelile, lakini afadhali mtu alijue kabla hajakopa kununua kamera.

YouTube, iliyoanzishwa 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, ilifungua mpango wa kugawana mapato na wenye chaneli mwaka 2007. Kwa video za kawaida, mwenye chaneli huchukua asilimia 55 ya pesa ya matangazo yanayotokea kwenye video yake. Ila kwanza akubaliwe: awe na watu 1,000 waliojiunga na chaneli, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Piga hesabu. Video ya dakika nne ingebidi itazamwe mpaka mwisho mara 60,000! Kwa video fupi kuna njia yake: kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Na hata ukikubaliwa, malipo hayatumwi mpaka yafike dola 100.

Mtandao nao una gharama zake. Kila video hutengenezewa nakala kadhaa, nyepesi mpaka nzito, na hutumwa vipande vya sekunde chache. Intaneti ikilegea, kipande kinachofuata huchukuliwa kwenye nakala nyepesi. Ndiyo maana ukiwa kwenye basi la Kondoa sura ya mtu hugeuka miraba, kisha ikarudi. Bando unalipia kampuni ya simu, na mwenye chaneli haambulii chochote humo.

Yule kijana alikuwa akijitambulisha dakika nzima, watu wakiondoka. Video yake mpya inaanza mkasi ukiwa tayari kwenye tawi.