Uhakiki wa ufunguo: faili limefungwa kwa kufuli ya nani?

Msimu wa korosho ukifika, simu za Newala na Tandahimba hujaa picha za makaratasi: stakabadhi ya ghala, kitambulisho, namba ya akaunti ya benki. Kijana aliyeko Mtwara mjini anapiga simu, "Baba, nitumie ile stakabadhi." Mzee anaituma kwa programu ya kutumiana mafaili, na juu ya skrini anaona alama ya kufuli. Roho inatulia. Naomba tusitulie haraka hivyo. Kufuli ile inasema faili limefungwa. Haisemi limefungwa kwa kufuli ya nani. Kulijua hilo la pili ndiko kuhakiki ufunguo.

Msingi wake uliandikwa na watafiti wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, mwaka 1976. Kila simu ina funguo mbili: wa siri, usiotoka, na wa wazi, unaogawiwa kwa yeyote. Huu wa wazi uchukulie kama kufuli isiyobanwa. Kijana anampa bodaboda kufuli yake aipeleke Newala. Baba ataweka karatasi sandukuni, ataibana, na mwenye kuifungua ni kijana peke yake.

Sasa bodaboda anaitia kufuli ile mfukoni na kumpa mzee ya kwake. Mzee anabana kwa nguvu zote. Akifika Nanyamba bodaboda anafungua sanduku, anasoma kila kitu, anafunga tena kwa kufuli halisi ya kijana, anakanyaga gia. Hakuna kilichovunjwa. Baba na mwana wote wameona kufuli. Mtandaoni, bodaboda huyo anaweza kuwa mwenye Wi-Fi ya bure mliyojiunga nayo, au hata seva, yaani kompyuta kuu, ya programu yenyewe.

Programu yenye kasoro hii hupokea ufunguo wowote uliokuja na jina "Simu ya Hamisi", na jina hilo yeyote anaweza kuliandika. Nyingine hukagua siku ya kwanza tu. Ufunguo ukibadilika baadaye, kimya. Inayonikera zaidi ni ile inayowapa mlinganishe tarakimu 4 zinazokokotolewa kutoka kwenye funguo zenu, mkadhani mmemaliza kazi. Tarakimu 4 ni michanganyiko 10,000 tu. Kompyuta inaweza kutengeneza funguo mfululizo hadi ipate unaotoa tarakimu zilezile, kabla chai haijapoa. Ndiyo maana Signal na WhatsApp hutumia tarakimu 60.

Mkiwa pamoja, skani msimbo wa QR wa uhakiki ulioko kwenye simu ya mwenzako. Mkiwa mbali, mpigie, umsikie sauti, kisha msomeane tarakimu hizo. Tarakimu hupangwa tano tano, mafungu 12, kwa hiyo hata mzee wa miwani anazimudu: "Moja sifuri nne saba mbili... haya, endelea, mwanangu." Fungu moja likitofautiana, stakabadhi ibaki kwanza kwenye simu ya baba.